Uzoefu wangu: Ol Doinyo Lengai, mlima wenye shughuli wakati wa kushuka

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye mteremko.

Waliofika kilele cha Kilimanjaro huudharau mlima huu wa volkano, ulioko kaskazini mwa Tanzania, wakisikia urefu wake, karibu mita 2,960, nusu ya ule mwingine. Hesabu hiyo inapotosha. Kilimanjaro hugawanywa kwa siku tano au zaidi. Lengai unaumaliza usiku mmoja, bila kambi, bila kivuli, bila tone la maji njiani, na sehemu ya juu ina mwinuko unaokaribia nyuzi 45.

Kutoka Arusha unapita Mto wa Mbu, kisha barabara ya vumbi kupitia Engaruka hadi kijiji cha Engare Sero, kando ya Ziwa Natron. Gari liwe la magurudumu manne yenye nguvu, na masika kuna makorongo yanayojaa maji ghafla. Njiani kuna vizuizi vya ushuru zaidi ya kimoja: tenga fedha za hapo mapema na udai risiti kila unapolipa, kwa kuwa kizuizi kinachofuata wanaweza kuiulizia.

Lala mchana. Safari ya mguu inaanza kama saa sita usiku ili saa kumi na mbili alfajiri muwe juu. Wengi hudhani usiku umechaguliwa kwa ajili ya kuona jua likichomoza. Sababu hasa ni joto: bonde hili likishapigwa na jua ni tanuri, na majivu yanakurudishia moto usoni. Saa tatu asubuhi ikikukuta bado kileleni, umechelewa.

Maji ni lita nne kwa kila mtu, na lita moja na nusu usiiguse mpaka uanze kushuka. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanakunywa yote gizani kwa sababu ya jasho. Beba tochi ya kichwa na betri za akiba, fimbo mbili, koti la upepo (kileleni baridi inauma), na vifuniko vya kuzuia majivu yasiingie viatuni. Glavu ngumu ni za lazima, maana juu utatambaa kwa mikono, na mwamba pale unakwaruza kama msasa. Vumbi la mlima lina magadi. Likikutana na jasho linawasha ngozi na macho. Anayevaa lenzi za machoni avae miwani.

Sasa kuhusu kreta, yaani shimo la volkano kileleni. Picha za watu waliosimama karibu na zaha (mwamba ulioyeyuka) nyeusi inayotiririka ni za kabla ya mlipuko wa 2007 na 2008. Mlipuko ule uliacha shimo refu lenye kuta wima, na zaha siku hizi inachemka ndani yake. Utaisikia ikirushwa kama uji mzito sufuriani kabla hujaiona. Ni zaha ya namna yake: hakuna volkano nyingine duniani iliyo hai inayotoa zaha ya magadi kama hii. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya zaha ya kawaida, na ni nyepesi kama mafuta machafu ya injini. Inatoka nyeusi, ikipata unyevu inageuka nyeupe. Ukingo wenyewe ni majivu yaliyoshikana tu, kwa hiyo usisogee hadi mwisho kwa ajili ya picha, na upepo ukileta moshi wa kiberiti upande wenu, hameni.

Kushuka ndiko kunakovunja watu. Yale majivu yaliyotulia usiku yanateleza, vidole vya miguu vinagonga mbele ya kiatu, na magoti yanatetemeka. Kata kucha siku moja kabla. Shuka kwa kisigino, mwili umeegemea nyuma kidogo, na asikufuate mtu moja kwa moja kwa nyuma, kwa sababu mawe yanaporomoka.

Kwa Wamasai huu ni Mlima wa Mungu, makao ya Engai: Engai Narok, mweusi, mwenye mvua na huruma, na Engai Nanyokie, mwekundu, mwenye hasira. Wanawake waliokosa watoto huja kuomba hapa. Chukua mwongozaji wa kijijini, anajua njia na anajua mahali pa kunyamaza. Ukisalimiwa “supai”, jibu “epa”. Takataka zote zishuke nawe.

Na majivu hayo unayoyalaani yana kazi. Upepo umeyapeleka magharibi hadi nyanda za kusini mwa Serengeti. Nyasi fupi za kule zina madini kwa sababu yake, na nyumbu huzalia hapo mwanzoni mwa mwaka. Upande wa kaskazini kuna Natron, wanakoanguliwa takriban robo tatu ya heroe (flamingo) wa aina ndogo wote duniani, kwenye matope ya magadi ambayo fisi hawezi kuyavuka. Usikaribie maji peke yako, ukoko wa magadi unaonekana mgumu lakini unazamisha mguu.

Lipia usiku wa pili Engare Sero. Maporomoko ya Engare Sero yana maji baridi ya kulowekea miguu, lakini yaache hadi jioni, njia yake ina mawe na kuvuka mto, na mara tu baada ya kushuka magoti yatakataa.