Nilitafuta dawa ya kuacha bangi, nikauziwa aibu ya rejareja

Nianze na pale kaunta, maana hadi leo nikifumba macho naiona: kioo kimepasuka pembeni kikazibwa kwa selotepu, na kidole cha yule kijana kinaninyooshea usoni. "Mzee, kama ulikuwa unataka stimu si ungebaki tu na bangi yako?" Alisema hivyo kwa sauti ya makanga anayejaza gari la Busia. Nyuma yangu walisimama watu wanne. Mmoja wao alikuwa mama wa kanisani kwetu, amekuja kununua unga wa mlonge. Alinitazama viatu, akanitazama uso, kisha akageukia chupa ya asali na kuanza kusoma lebo yake kana kwamba ni Zaburi.

Duka lenyewe silitaji. Ni la mitishamba, liko hapa hapa Kisumu mjini, unapanda ngazi. Wanaolijua watalijua.

Mimi ni fundi wa fanicha kule Kibuye. Nimevuta bangi kwa miaka mingi kuliko umri wa mtoto wangu wa kwanza, misokoto miwili kila jioni nikishafunga kazi. Sababu ya kuacha ni yangu na mke wangu, tuiache hapo. Lakini asiyevuta haelewi kwamba stimu ni nusu tu ya shida. Nusu nyingine ni mikono. Ikifika saa kumi na mbili vidole vinatafuta karatasi vyenyewe, vinataka kuchambua mbegu, kusokota, kulamba ukingo. Kwa hiyo niliposikia kuna mchanganyiko wa majani halali, unasokota na kuvuta kama kawaida bila kuogopa ile sheria ya 1994 ya dawa za kulevya, nilisema hii ndiyo yangu. Nikatuma M-Pesa shilingi 1,500 kwa kipakiti kinachoingia kiganjani.

Ndani mlikuwa na damiana, lavenda, jani fulani lenye manyoya laini kama sikio la sungura, na kitu walichokiita dagga ya porini (dagga ndiyo bangi kwa watu wa Afrika Kusini, ingawa hii si bangi). Hiyo ya mwisho nitairudia, maana ina kisa chake.

Usiku wa kwanza nilisokota kwa heshima zote. Nikavuta. Ladha ni ya ufagio uliomwagikiwa manukato. Nikakohoa mpaka mke wangu akauliza kutoka jikoni, "Baba, unachoma godoro?" Nikangoja dakika kumi, ishirini. Kichwa kikauma kidogo, basi. Ila mikono ilitulia, hilo nalikubali.

Siku ya tatu ndipo mambo yalipochacha. Nilitoka jasho usiku hadi shuka ikalowa. Chakula kikawa kama maranda mdomoni. Nikamkaripia mwanafunzi wangu wa kazi kwa sababu ya msumari mmoja. Halafu ndoto! Marehemu baba alikuja akikokota baiskeli yake, akataka nimwambie pampu iko wapi, na niliamka nikiitafuta kweli chini ya kitanda.

Nikaishuku pakiti. Nilikuwa nimesoma kwamba huko Ulaya na Marekani kuna majani yaliyouzwa kama mitishamba halali, kwa majina kama Spice na K2, kumbe yamenyunyiziwa kemikali za maabara zinazoweza kuwa kali kuliko bangi yenyewe, na watu wakaishia hospitalini. Pakiti yangu haikuwa na jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho. Ndiyo maana nilipanda zile ngazi tena. Nilimwuliza kijana kwa upole, tena kwa sauti ya chini: je, hii imewekwa kitu kingine? Basi. Hata pesa sikudai. Jibu lake mmelisoma hapo juu.

Sasa, nikiwa mkweli, huenda pakiti haikuwa na hatia. Jasho, hasira, kukosa hamu ya kula, usingizi wa vipande na ndoto kali ndivyo mwili unavyodai bangi iliyozoeleka. Watu wa Pwani wana neno lao, arosto. Hubana zaidi wiki ya kwanza, hupungua baada ya wiki mbili tatu, usingizi ukichelewa kurudi kuliko vingine. Haya niliambiwa na dada mmoja nilipopiga 1192, ile laini isiyo na malipo ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, naye hakuniita mvuta bangi hata mara moja. Lakini muuzaji wa dawa za kuacha bangi angeshindwaje kuyajua? Angenijibu kwa sentensi moja, ningeshuka ngazi namshukuru na kununua pakiti ya pili. Na kuvuta ni kuvuta tu: jani lolote likiungua linakuachia lami kifuani na ile kaboni monoksaidi ya jiko la makaa. Hilo pia hakulisema wakati wa kupokea pesa.

Turudi kwa dagga ya porini. Jina lake la kitaalamu ni Leonotis leonurus, asili yake kusini mwa Afrika. Niliitafuta picha nikaona maua ya rangi ya chungwa yaliyozunguka shina kwa ghorofa ghorofa. Moyo ukaniambia haya nimeyaona. Nilipokwenda kwa mama huko Vihiga nikakuta mmea ulio ndugu yake kando ya ua, vichwa vya duara vyenye miiba, ndege aina ya chozi wakifyonza asali.

"Mama, hii mnaifanyia nini?"

"Hiyo? Tunaing'oa kila msimu, mwanangu, na bado inarudi."

Shilingi 1,500!

Ningesema msiende kabisa. Shida ni kwamba siku ile ya kwanza kijana alinitupia nyongeza ya bure, kifuko cha maua ya kamomaili, na hicho ndicho kilichonifaa. Kila jioni nachemsha maji, naloweka, nafunika kwa kisahani, nangoja. Iwe ni maua yanayonilaza au ni kule kuipa mikono kazi, mimi natazama matokeo: miezi kadhaa sasa sijasokota. Pakiti ya kuvuta niliimwaga chooni ikiwa nusu. Kwa hiyo nyota ngapi? Nilikuwa nimeandika sifuri. Weka moja, ya kamomaili. Kijana asiiguse.

Jumapili iliyopita yule mama wa mlonge alinivuta kando baada ya ibada. Nikajua leo naombewa mbele ya watu. Akashusha sauti.

"Baba, ile dawa ya kuacha, ilikusaidia? Kitinda mimba wangu ananisumbua na hayo mambo."

Nikamwambia ya kuvuta amwepushie, amnunulie ya chai, na ampigie 1192.

"Ya chai inapatikana wapi?"

"Pale pale, mama."

Akakunja uso. "Kwa yule kijana? Aa-a. Nenda wewe uninunulie. Wewe tayari anakujua."