Nilikodi baiskeli kwenda kuangalia majani Minneapolis, nikatozwa faini ya majani

Kabla hamjanirukia kwamba nyota moja ni uonevu, someni kwanza. Mimi si mtu wa kulalamika. Nikiletewa chipsi zimepoa, nakula. Ila hili duka la kukodisha baiskeli (jina silitaji, sitaki kesi) limenitoa kwenye ustaarabu wangu, na hasira bado haijashuka.

Bei kwa saa na aina za baiskeli mtajionea wenyewe. Mimi naongelea cheni, na kijana wa kaunta.

Ilikuwa mwezi wa kumi uliopita, katikati hivi, wakati majani ya miti huku Marekani yanageuka rangi kabla ya kupukutika, na rangi zimekolea. Nilikuwa na mgeni, mamdogo wangu kutoka Tabora. Ni bibi shamba mstaafu. Ujana wake wote ameumaliza vijijini Sikonge na Urambo juu ya Phoenix, ile nyeusi nzito ya Kichina, mbegu za majaribio zimefungwa kwenye keria. Nilipomwambia huku watu wanatoka na baiskeli kuangalia majani tu, hawajabeba hata debe la maji, alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Halafu akasema, "Twende, mwanangu, nikaone."

Tangu Nice Ride, wale wa baiskeli za kuazima za jiji, wafunge mwaka 2023, sisi tusio na baiskeli zetu tunaangukia madukani. Zipo zile za umeme za kufungua kwa simu, lakini mamdogo hapandi kitu chenye betri. Basi tukaingia dukani.

Kijana wa kaunta akamtazama mamdogo, kitenge juu ya suruali, sweta langu, kilemba. Akanigeukia mimi. Mimi, si yeye. Akauliza, "Huyu anajua kuendesha?" Kwa sauti ile ya kuongea na mtoto wa chekechea. Nikatafsiri nikiwa nimekaza meno. Mamdogo hakujibu. Aliishika baiskeli, akainua gurudumu la nyuma, akazungusha pedeli kwa mkono, akainamisha sikio.

"Cheni imelegea hii," akasema. "Na gia inaruka. Mwambie."

Nikamwambia. Yule kijana bila kuinua macho kwenye simu: "Baiskeli zetu zinakaguliwa kila asubuhi."

Haya.

Tulianzia Ziwa Harriet. Njia ya baiskeli pale imetengwa na ya waenda kwa miguu, ni ya kuelekea upande mmoja, na mwendo unaoruhusiwa ni maili 10 kwa saa. Sheria hiyo haijawafikia wale jamaa wa kaptura za kubana. Wanatokea nyuma yako wanapiga kelele "kushoto kwako!" kama wanakudai kodi ya nyumba. Bata bukini nao wamejaza kinyesi njiani. Hapo nilishaanza kuona kila kitu kibaya, na cheni ya mamdogo ilikuwa inalia tak, tak, tak mbele yangu.

Lakini mkishaliacha ziwa mkaingia kwenye njia inayofuata kijito cha Minnehaha, jamani. Sijui nisemeje. Njia inapinda na maji, inapita chini ya madaraja ya mawe na zege, na juu yenu miti imefungana. Mepo, mti ule wa jani la bendera ya Kanada, umewaka mwekundu mpaka unadhani kuna taa nyuma yake. Mialoni imekuwa rangi ya shaba. Ya njano sijui hata niitaje yote. Majani yanaelea kwenye kijito yanashindana na nyinyi, na chini ya tairi zile kokwa za mwaloni zinapasuka moja moja. Mamdogo alikuwa anaendesha mkono mmoja, kitenge kinapepea, ananipa somo bila kugeuka nyuma. Kwamba siku zikifupika mti unaacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani. Kwamba njano ilikuwamo ndani ya jani siku zote, imefichwa tu. Ila wekundu hutengenezwa upya, kwa sukari iliyobaki kwenye jani, na ndiyo maana mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofika kugandisha huleta nyekundu kali zaidi.

Kisha akasema jambo ambalo silisahau. Kwamba mwezi huohuo, huko kwao, miombo ndiyo inatoa majani mapya kabla ya mvua, na majani hayo machanga huanza mekundu. "Kwetu sasa hivi msitu ni mwekundu kwa sababu unaamka. Wenu unaenda kulala."

Sentensi hiyo hata haijapoa, cheni ikachomoka.

Ilikuwa kwenye kimwinuko kidogo kabla ya Ziwa Nokomis, majani yameloa, pedeli ikazunguka hewani na mguu wa mamdogo ukagonga chini. Kidogo tu aingie kijitoni. Mwanamke wa miaka sitini na kitu! Nilitaka kupiga simu dukani hapohapo wamlete mtu. Nikapiga. Ikaita, ikaita, ikaingia kwenye mashine ya kuacha ujumbe.

Mamdogo yeye alishaipindua baiskeli, inasimama kwa siti na usukani, magurudumu juu. Akaokota kijiti. Akausukuma ule mkono wa gia mbele ili cheni ilegee, akaipachika kwa kijiti kwenye meno machache ya lile duara la pedeli, akazungusha pedeli taratibu, cheni ikajivuta yenyewe mpaka ikakaa. Grisi imempanda mpaka kwenye kiwiko. Akajifuta kwa majani ya mepo, mekundu yale, ambayo watu wanasafiri kuja kuyapiga picha.

Mmoja wa wale wa kaptura za kubana alisimama. Akatoa kitambaa chenye unyevu mfukoni, akauliza kama tunahitaji tyubu au bisibisi, akamtazama mamdogo akimalizia kazi, akasema huyo ni fundi kuliko mafundi wake. Sawa. Huyo mmoja nimemtoa kwenye orodha.

Ilichomoka tena. Na tena. Mpaka tunafika maporomoko ya Minnehaha nilikuwa siongei. Maporomoko yenyewe, futi 53, kama mita 16 hivi, yamezungukwa na bonde lililojaa njano, na mimi niko pale nachapa ujumbe wa hasira kwenye simu wakati mamdogo ananiita nimpige picha. Hilo ndilo ninalowadai hasa wale watu, kuliko hela. Rangi zenyewe hazikai, upepo wa usiku mmoja zimekwisha, na saa yangu moja ya hizo niliila na hasira.

Tukarudisha baiskeli. Nikaanza kueleza habari ya cheni, na mamdogo karibu aingie majini, na simu yenu haipokelewi. Yule kijana, ambaye asubuhi hakuwa na macho, sasa akayapata. Akawasha tochi ya simu. Akainama. Akamulika ndani ya madigadi, akachomoa jani, akaliinua. Akachomoa lingine. Akaonyesha grisi kwenye fremu, grisi ya cheni yao, kutoka kwenye mikono ya mtu aliyewatengenezea baiskeli yao bure.

"Ada ya usafi, dola 25."

Nikamwambia arudie. Akarudia, akanigeuzia skrini ya kaunta: mkataba wenye herufi za ukubwa wa siafu, ambao nilikuwa nimeusaini kwa kidole wakati namwonyesha mamdogo jinsi ya kufunga kofia.

"Anasemaje?" mamdogo akauliza.

"Anasema majani ni uchafu, tulipe."

Mamdogo akamtazama kijana. Akatazama bango lililobandikwa nyuma yake ukutani, baiskeli yao wenyewe imesimama kwenye lundo la majani mekundu mpaka nusu ya tairi.

"Sasa walituita tuje kuangalia nini?"

Sikutafsiri. Nilijua nikitafsiri nitacheka, na nikicheka hasira itaisha, na nilikuwa naihitaji. Nikaomba meneja. Meneja hayupo. Anarudi lini? Hajui. Kadi yangu ilishakatwa tangu tuko kwenye maneno.

Kwa hiyo, ushauri. Msiende. Hapana, ngoja. Nendeni, ila si kwa hawa. Ile njia ya kijito ni ya bure, haina geti wala kiingilio, na anayeishi Minneapolis akiikosa mwezi wa kumi amejinyima mwenyewe. Idara ya Maliasili ya jimbo letu, Minnesota, huweka ramani mtandaoni inayoonyesha rangi zimefika wapi, iangalieni kabla. Kwa eneo la jiji kwa kawaida ni mwisho wa mwezi wa tisa mpaka katikati ya wa kumi. Mkichelewa na mepo zimekwisha, bado kuna bustani kubwa ya Theodore Wirth. Ndani yake kuna kinamasi chenye miti ya tamaraki, jamii ya misonobari lakini yenyewe hugeuka dhahabu na kupukutisha, tena baada ya wenzake. Baiskeli mtaiacha nje, mle ni kutembea juu ya mbao.

Nilitaka kuwaongezea nyota ya pili kwa sababu, tuseme ukweli, breki zilishika na kofia zilikuwa safi. Halafu nikafungua taarifa ya benki kuhakikisha kiasi, nikakuta ada ya usafi imekatwa kwa baiskeli zote mbili. Mbili! Yangu haikuwa hata na madigadi. Nimewasilisha malalamiko benki, nasubiri. Nyota inabaki moja, na hiyo moja ni kwa sababu mfumo haukubali sifuri.

Mamdogo amesharudi Tabora. Anasema akija tena nisikodi, nimtafutie mkweche wowote kwa mtu, cheni ataifunga mwenyewe. Kama kuna mwenye baiskeli iliyokaa gereji haitumiki, tairi 26, hata haina gia, tuongee.