Dere umepigwa faini juu ya mikanda ya abiria: rufaa ama mapitio?

Kwa Kenya hizi zote zinaenda Mahakama Kuu ila si kitu kimoja. Rufaa una siku 14 tangu hukumu, unaandika sababu zako, halafu unangoja mwenendo wa kesi, yaani rekodi ya yaliyosemwa kotini, uchapwe na hapo ndo wengi huchoka, lakini jaji anapima ushahidi upya, mfano kama polisi alisema abiria hawakufunga mikanda na hakuna hata abiria mmoja aliyeitwa kotini. Shida ni kama ulijibu "ni kweli". Hapo unaruhusiwa kulalamikia adhabu tu, si hatia.

Mapitio ni ombi tu, jaji anaitisha faili aone kama hakimu alifuata sheria, so kama mlipangwa kizimbani kundi zima mkasomewa mashtaka mbio mbio na hukuelezwa kwa lugha unayoelewa, mimi ningeenda huku. Ila usiyaweke kama spea, maana kama ungeweza kukata rufaa na ukanyamaza, sheria haikubali uje baadaye uombe mapitio.

Na wakili piga hesabu kwanza, anaweza kula pesa kuliko hiyo faini yenyewe.