Unga wa kopo na mdalasini, asubuhi zangu za Jumamosi

Mie mtu wa Mombasa naishi Columbus, Ohio, na kwetu asubuhi tamu ni mahamri basi. Lakini mahamri yanataka ukande usiku na tui na iliki, uache yaumuke, asubuhi usukume ukaange, na mie Jumamosi natoka kazini saa kumi na mbili asubuhi miguu inauma na watoto wanaamka wanataka kitu kitamu. Ndo nikaanza kununua ule unga wa kopo uliokandwa tayari wa kwenye friji za supamaketi, natengeneza mkate wa mdalasini wa kuchomoa vipande, wenyewe wanauita monkey bread. Huo unga Wamarekani wanauita biskuti ila si biskuti yetu, ni kama kimkate laini kisicho na sukari nyingi.

Ukichana karatasi ya nje na kubonyeza mshono kwa kijiko kopo linapasuka pwaa! Mwanangu mdogo alikimbia siku ya kwanza. Ule unga una baking poda, inatoa gesi ndani ya kopo inasukuma, kwa hiyo likae kwenye friji mpaka dakika unayolitaka.

Nachukua makopo mawili makubwa, kila moja vipande 8, kila kipande nakata vinne. Sukari nyeupe nusu kikombe, mdalasini vijiko vya chai 2 na iliki niliyotwanga mwenyewe (hii nimeongeza mie, Wamarekani hawatii) naweka kwenye mfuko wa plastiki, natupia vipande natikisa mpaka vyote vimepakaa. Navipanga kwenye tini ya keki yenye tundu katikati niliyoipaka siagi, halafu nayeyusha siagi robo tatu kikombe na sukari ya brauni kikombe kimoja namwagia juu. Oveni 350 Farenhaiti, kama 177 za Selsiasi, dakika 35 mpaka 40.

Sasa hapo kwenye oveni ndo pa kuangalia sana. Mara ya kwanza niliona juu imeiva rangi nzuri nikaitoa dakika ya 25, kuvunja katikati ni mbichi inanata, nikatupa yote na roho iliniuma. Siku hizi juu ikianza kuwa nyeusi nafunika foili naacha iendelee, na nachoma kijiti mpaka kitoke kikavu. Tini isiyo na tundu nimejaribu pia, usijaribu, moto haufiki kati. Ukiitoa subiri dakika 5 hivi ndo uipindue kwenye sahani, ukiacha ipoe sukari inaganda inashika tini na hutoi kitu kizima.

Kuhusu unga wenyewe, ule wa bei ya chini kabisa ulikuwa na chumvi nyingi na harufu ya baking poda, ule wa kati ni mzuri. Usichukue ule wa matabaka, unaachana. Siagi tumia isiyo na chumvi kwa sababu unga tayari unayo. Na Waislamu wenzangu, someni lebo ya mafuta kila mara, ukiona neno lard, yaani mafuta ya nguruwe, rudisha kopo mahali pake.

Mie nitanunua tena, wallahi. Kuanzia kopo mpaka mezani haifiki saa nzima, watoto wanachomoa kwa vidole wakishushia chai ya maziwa. Siku ya Idi lakini ni mahamri tu, hapo sibadilishi. Jumamosi ijayo napunguza siagi natia tui zito la kopo, nataka nione kama ile ladha ya nyumbani itakuja.