The Wheel of Time kwenye runinga: waliyobadilisha, na lile moja nisilolisamehe

Tahadhari kwanza: nitataja waliokufa. Kama hujamaliza msimu wa tatu na hupendi kuharibiwa utamu, soma hii baadaye.

Tangu Novemba 2021, Prime Video ilipoanza kuonyesha The Wheel of Time, tamthilia ya fantasia iliyotokana na riwaya, mashabiki wamegawanyika. Kuna sisi tuliosoma riwaya zote 14 za Robert Jordan, zikiwemo tatu za mwisho ambazo Brandon Sanderson alizikamilisha baada ya Jordan kufariki mwaka 2007. Halafu kuna waliokutana na hadithi hii kwa mara ya kwanza kwenye runinga, ambao hawaoni kelele zote hizi ni za nini. Ubishi umekwama kwenye swali la wingi: wamebadilisha mengi mno au kidogo? Naona swali hilo halitufikishi popote. Riwaya hizi zina zaidi ya maneno milioni 4, na tamthilia ilipewa sehemu nane tu kila msimu. Kukata ilikuwa lazima. Mji wa Caemlyn kuondolewa msimu wa kwanza sikulalamika. Elayne, binti wa malkia, kusubirishwa hadi msimu wa pili, sawa. Moiraine, mwanamke mwenye uwezo wa uchawi, na Siuan, mkuu wa wanawake wa aina hiyo, kupendana waziwazi kumewapa Rosamund Pike na Sophie Okonedo baadhi ya maonyesho bora kabisa ya tamthilia nzima. Mat, mmoja wa vijana wa kijijini wanaobeba hadithi, kuigizwa na watu wawili tofauti, Barney Harris kisha Dónal Finn, hilo ni suala la utayarishaji, na Finn amemweka Mat mahali pake.

Ninachouliza mimi ni hiki: badiliko limemwachia mhusika mzigo wake, au limempokonya?

Sasa tuje kwa Perrin, kijana mwingine wa kijiji hicho. Sehemu ya kwanza kabisa, Watrolloc, viumbe nusu binadamu nusu mnyama, wanavamia kijiji, Perrin anapigana ndani ya kiwanda cha uhunzi, anageuka kwa hasira ya vita na kumchoma mke wake Laila kwa shoka. Anafia mikononi mwake. Kitabuni Perrin hana mke. Ni mwanafunzi wa mhunzi, kijana mwenye mwili mkubwa kuliko wenzake, ambaye tangu utotoni alijifunza kwenda polepole na kufikiri polepole kwa sababu aliona jinsi ilivyo rahisi kumuumiza mtu bila kukusudia. Upole wake ni kitu alichochagua mwenyewe, kila siku, kabla hajamdhuru yeyote. Baadaye anaua kweli, mbwa mwitu rafiki yake alipouawa mbele ya macho yake, na kuanzia hapo anajiuliza kama mkono wake ni wa nyundo au wa shoka. Jordan alilibeba swali hilo mpaka kitabu cha kumi, mwaka 2003, Perrin alipolitupa shoka.

Tamthilia imelijibu swali hilo kabla hatujamjua kijana mwenyewe. Akisita kupigana, tunaambiwa ni kwa sababu ya Laila. Akinyamaza, ni Laila. Marcus Rutherford ana uso unaoweza kusema mengi, lakini kwa misimu miwili amepewa huzuni moja ya kuizungushia macho. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kufungua hata kitabu kimoja cha Jordan, aliniuliza, "Sasa shemeji, huyu jamaa kazi yake ni kuhuzunika tu?" Sikuwa na la kumjibu. Sanderson mwenyewe, aliyekuwa mshauri wa tamthilia, alisema hadharani kwamba hakukubaliana na uamuzi huo. Alikuwa sahihi kabisa.

Lakini wasomaji wenzangu wanaodai kila badiliko ni uharibifu, nawaomba warudie msimu wa pili, Egwene, msichana wa kijiji hichohicho mwenye uwezo wa uchawi, akiwa mateka wa Waseanchan, wavamizi kutoka ng'ambo ya bahari. Amevishwa kola shingoni, na Renna, mwanamke anayeishika minyororo yake, anamwamuru amimine maji. Kola hairuhusu mateka kugusa kitu chochote anachokiona kama silaha. Na Egwene ameshalitazama lile jagi na kuwaza kumpiga nalo Renna. Basi mkono unagoma. Anasogeza vidole, maumivu yanampiga, anaurudisha mkono. Anajaribu tena. Ili aweze kulishika jagi, inabidi kwanza aache kabisa kutaka kumpiga, aache kwa dhati. Kitabuni jambo hili tunalisikia likisimuliwa tu, Egwene akimweleza rafiki yake Min. Runinga imelisimamisha mbele yetu, na Madeleine Madden analiigiza bila kupaza sauti wakati unapohitajika utii. Mwishoni Egwene anajikomboa kwa nguvu zake na kumuua Renna, wakati kitabuni wenzake ndio wanaokuja kumtoa. Wengi walikasirika. Mimi naona mzigo wa Egwene umebaki wake, tena umeongezeka uzito, kwa sababu sasa ana damu mikononi.

Fainali ya msimu wa kwanza sitaipotezea maneno mengi. Ilirekodiwa baada ya janga la korona kusimamisha kazi na mwigizaji mmoja mkuu kuondoka, na inaonekana hivyo. Kitabuni vita ya Tarwin's Gap ilikuwa ya Rand, shujaa mkuu wa hadithi, wakawapa wengine.

Msimu wa tatu ndio unaonifanya niandike haya yote. Sehemu ya nne, Rhuidean, mji wa jangwani wa Waaiel. Rand anapita katikati ya nguzo za kioo na kuishi maisha ya mababu zake, mmoja baada ya mwingine, akirudi nyuma kizazi kwa kizazi. Josha Stradowski anawaigiza mababu hao mwenyewe, kila mmoja na ndevu zake, mgongo wake, namna yake ya kutembea. Hapo ndipo inafichuka kwamba Waaiel, watu wa mikuki wanaoogopwa na kila mtu, walitoka kwa watu walioapa kutodhuru kiumbe. Yupo kijana Lewin, aliyeshika mkuki ili kuokoa ndugu aliyetekwa. Katika The Shadow Rising ya mwaka 1992, mama yake anamwambia afunike uso, kwa sababu hataki kuuona uso wa mwanawe kwa muuaji. Kitabuni niliusoma mstari huo nikafunga kitabu kwanza. Runinga imefupisha na kupanga upya mambo mengi ya sura hizo, na bado uzito wote umefika.

Ndiyo maana mwisho wa msimu huo umeniuma. Loial, rafiki yao mwenye umbo la jitu, anajitoa mhanga kwenye lango la Njia, zile barabara za kichawi, na Siuan anakatwa kichwa. Vitabuni Loial hafi, na Siuan anaishi hadi kitabu cha mwisho. Siuan anapokonywa cheo na uwezo wake, kisha anaanza upya akiwa hana kitu, na yeye ndiye anayemfundisha Egwene jinsi ya kuongoza. Okonedo alikiigiza kifo hicho kwa heshima kubwa, hotuba yake ilinitoa machozi, lakini njia nzima ya mwanamke huyo imefungwa pale. Halafu Mei 2025 tamthilia ikasitishwa, kwa hiyo hatutaona walichokusudia kukiweka badala yake.

Nyota zangu kati ya tano: msimu wa kwanza mbili, wa pili tatu na nusu, wa tatu nne na nusu. Itazame, na ukihisi msimu wa kwanza unakuchosha, vumilia. Ukimaliza na kutaka kujua kilichofuata, usirukie kitabu cha tano, The Fires of Heaven, ukidhani utaendelea palepale. Mapema tu utamkuta Siuan akiwa hai, kijijini, anashtakiwa kwa kuchomeka kwa zizi la mkulima. Anza na The Eye of the World, na umsome Perrin kabla hajamuumiza mtu yeyote.