Mark II Grande GX110: Iuze au Ibaki? Pima Haya Kwanza

Karibuni tena wadau. Gari iliyosimama mbele yetu leo haihitaji utambulisho. Toyota Mark II GX110, Grande. Injini ya 1G, silinda sita kwenye mstari mmoja, VVT-i (kompyuta inarekebisha muda wa valvu kufunguka), nguvu inakwenda matairi ya nyuma. Mengine mnayajua, sitawamalizia bando kwa kusoma karatasi ya yadi. Tunachojadili ni hiki: umekaa nayo miaka, watoto wamekulia kiti cha nyuma, mlinzi wa geti anaitambua kwa mlio, na ukitaja kuiuza nyumbani watu wananuna. Sasa iuzwe lini?

Msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye haraka aondoke nao. Umri peke yake si sababu ya kuuza. Grande za mwisho zilitengenezwa 2004, kabla Mark X haijachukua nafasi, kwa hiyo hakuna utakayoikuta chini ya miaka 20. Kama umri ndio kipimo, zote zingekuwa skrepa. Mimi naangalia vitu vitatu: joto la injini, bodi, na tarehe ya taimingi beti, ule mkanda unaozungusha kemushafti ili valvu zifunguke kwa wakati. Bushi, boljointi, shokapu, kioo kinachogoma kupanda, hayo ni matumizi ya kawaida kama sabuni. Mtu asikutishe uuze gari kwa sababu ya bushi.

Tuanze na joto, na hapa naomba mnivumilie maana nina hasira. Hasira yenyewe ni thamostati, kale kavalvu kanakozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Kuna fundi kila mtaa atakwambia, "Mzee, Dar joto hili, thamostati ya nini? Toa, maji yazunguke." Anaitoa, anaitupa, gari inaacha kuchemsha kwa muda, wewe unamshukuru. Jamani! Ameficha ugonjwa na ameongeza mwingine.

Sogeza kamera hapa. Hii ni thamostati nzima, imegongwa namba 82. Hapa kuna sufuria ya maji jikoni na kipimajoto. Naining'iniza kwa uzi isiguse chini, kwa sababu ikigusa sufuria itapata moto kuliko maji na kipimo kitadanganya. Tazama. Nyuzi 70, imefungwa. 78, imefungwa. Hapo 82, 83, unaona inaanza kuachia? Ikifika 95 inatakiwa iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ikigoma kufunguka, au ikipoa isifunge, tupa. Nunua mpya Kariakoo, na uende na sufuria yako, maana za bandia zipo zinazofunguka nusu.

Kwa nini nasisitiza? Bila thamostati injini inakimbia baridi, hasa barabara kuu. Kompyuta inaona maji hayajapata moto, inaendelea kumwaga petroli kama vile umewasha asubuhi. Halafu gia boksi. Hii otomatiki ya gia nne haifungi konveta (kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi, kikifunga viwili vinazunguka pamoja bila kuteleza), na gia ya nne inaichelewesha, mpaka injini ipate joto. Kwa hiyo unatoka Dar kwenda Morogoro mizunguko iko juu, mafuta yanakwisha, unaanza kusema "gari imezeeka, inakunywa". Unataka kuiuza kwa sababu ya kifaa kinachoenea kwenye kiganja!

Jaribu hivi. Injini ikiwa imepata moto, kimbia kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare, kisha ongeza mafuta kidogo sana. Konveta ikiwa imefunga, mshale wa mizunguko unapanda taratibu pamoja na mwendo. Mshale ukiruka peke yake mwendo ukiwa palepale, haijafunga. Kabla hujalaumu gia boksi, pima joto la maji. Na usiamini mshale wa dashibodi. Umetengenezwa utulie katikati kwa eneo pana la joto, ukianza kupanda ujue umeshachelewa. Tumia kipimajoto cha bunduki, lenga nyumba ya thamostati.

Ukirudisha thamostati, kale katundu kenye kipini kinachochezacheza kakae juu, hewa ipite. Inua pua ya gari, weka hita kwenye joto la mwisho, jaza polepole, washa, subiri mapovu yaishe, ongeza. Kulanti changanya nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya kisima ya Dar na Pwani yanakula rejeta na hedi ya aluminiamu (kichwa cha injini) kwa ndani. Mfuniko wa rejeta nao usiudharau. Ule ulioandikwa 0.9 unabana presha, na maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 119. Springi ikilegea, maji yanakwenda kwenye kopo la akiba na hayarudi, na hapo fundi wa mtaani anakuandikia hedi gasketi, ile gasketi kati ya hedi na bloku.

Kipimo kingine, feni. Zima injini ikiwa ya moto, ondoa funguo kabisa, halafu zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa ikukatalie kidogo, iwe nzito. Ikizunguka kama pangaboi mara tatu nne, ile klachi ya silikoni katikati, inayoikamata feni injini ikipata moto, imekwisha. Ndiyo maana kwenye foleni ya Mwenge inapanda na ukipata upepo inashuka.

Sasa cha kuogopa chenyewe: hedi gasketi. Injini ya silinda sita kwenye mstari ina hedi ndefu, na hedi ndefu ikichemshwa inapinda. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa (ikiwa ya moto usiguse mfuniko wa rejeta, utaungua uso), fungua mfuniko, washa, tazama maji. Mapovu machache mwanzoni ni hewa. Yakiendelea mfululizo, na yakiongezeka ukipandisha mizunguko, huo ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Zima, rudisha mfuniko, washa tena, kamata hozi ya juu ya rejeta. Ikiwa ngumu kama mti ndani ya dakika moja na maji bado baridi, jibu umepata. Ute wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili peke yake hauthibitishi. Gari za safari fupifupi zinakuwa nao bila ugonjwa.

Malizia na kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda, unaopimwa kwa geji kwenye tundu la plagi. Injini ipate moto, plagi zote sita nje, umeme wa koili na injekta uchomoe, mguu kwenye akseleta mpaka chini, piga stata sekunde chache kila silinda. Usibishane na namba moja moja, angalia tofauti: isizidi kilo 1 kwa sentimita ya mraba, yaani kama psi 14, kati ya iliyo juu na iliyo chini. Silinda iliyo chini, mimina kijiko cha oili ndani yake, pima tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, valvu au gasketi. Ringi zikiwa zimechoka kwenye silinda nne kati ya sita, hapo ndipo nasema uza.

Bodi sichukui muda. Sumaku ya friji, pitisha kingo za chini ya milango, matao ya matairi, shimo la tairi la akiba, na vikombe vya shokapu (pale shokapu inapofungwa kwenye bodi) ndani ya boneti. Sumaku isiposhika, chini kuna puti. Kutu ya mlango ni rangi na kuchomelea. Kutu ya vikombe vya shokapu na mihimili ya chini ni usalama wa watu, na ukichomelea leo, mwakani unachomelea pembeni yake. Wa Tanga, Mombasa na Unguja, chumvi ya bahari mnaifahamu. Mwili ukioza mahali hapo, injini hata ingekuwa ya dhahabu, uza.

Beti ni kila kilomita 100,000. Kwenye 1G hii ya VVT-i ikikatika, pistoni zinakutana na valvu, valvu zinapinda. Kwa hiyo hakuna kusikilizia. Ukibadilisha, badilisha na bearing za tensheni, oili sili za kemushafti na krenki, na uangalie wota pampu kama inavuja. Kubadilisha beti peke yake kisha oili ikavuja juu yake ni kutupa pesa. Huna tarehe ya mwisho? Hesabu kwamba haijabadilishwa.

Nipenyeze neno kwa wanaosema "nauza Grande nichukue Mark X". Mark X ya 2.5 ina 4GR, V6 ya sindano za moja kwa moja kwenye silinda. Petroli haioshi valvu za kuingizia hewa, kaboni inaganda, na kuisafisha si kazi ya fundi wa chini ya mwembe. Gari nzuri, lakini usidhani unahamia kwenye amani. Tumeipata moja, wiki ijayo tunaifungua manifoldi mbele yenu, kwa hiyo kama hujajisajili kwenye chaneli, jisajili. Na waliosema sauti ya video iliyopita ilikuwa na upepo, maikrofoni mpya hii hapa.

Turudi kwenye mapenzi. Kupenda gari mnachekwa bure. Mapenzi yana thamani ya fedha, ila tu kama yana daftari. Wewe unajua oili gani imo, beti ilibadilishwa lini, ilichemka mwaka gani. Gari nyingine utakayonunua, hata iwe imeshuka bandarini jana, hujui lolote kati ya hayo. Na bei za zinazoingia mnazijua. Kwa Tanzania gari iliyozidi miaka 8 inaongezewa ushuru wa uchakavu, na Kenya iliyozidi miaka 8 hairuhusiwi kuingia kabisa. Kwa hiyo gari unayoifahamu vizuri usiitupe kirahisi.

Ila mapenzi yanaziba masikio. Jaribio langu ni hili. Mpe funguo mtu asiyeijua gari yako, anayeendesha vizuri. Wewe kaa kiti cha abiria, nusu saa, mdomo umefungwa, na karatasi mkononi. Kila utakapotaka kumwambia "hiyo kawaida yake", "kanyaga breki mara mbili", "ukisikia huo mlio usijali", andika badala ya kusema. Ukifika nyumbani soma. Hiyo ndiyo hali ya gari yako. Kama ni vitu vya bushi na vioo, baki nayo, tena kwa raha zako. Kama breki, stelingi na joto viko kwenye orodha, tengeneza wiki hii au uiuze.

Hesabu ifanyike kabla fundi hajafungua boneti. Tuseme ikiwa nzima inauzika milioni 8, na matengenezo ni milioni 2. Ikiwa imekufa, dalali atakupa 4, na atakupa akiwa amenuna. Ukitengeneza na kuiuza unabaki na 6. Lakini kuibakisha ni hesabu nyingine: milioni 2 unazoweka zigawe kwa miaka unayotegemea ikutembeze, halafu linganisha na unachoongeza kununua nyingine. Wengi wanakosea wakati wa kuuza. Wanaweka beti mpya, rejeta mpya, tairi nne, mwezi unaofuata wanachoka na kuuza. Mnunuzi hakulipi hizo. Anatazama herufi ya kwanza ya namba ya usajili tu, kama ni C au D, ajue ilisajiliwa lini. Amua kabla ya matengenezo makubwa.

Mkiamua kuuza, uzeni ikiwa inawaka asubuhi kwa stata moja. Mnunuzi mjuzi atakuja mapema aikute baridi, usiitangulie kuiwasha. Mwonyeshe daftari na risiti, na kasoro zitaje mwenyewe, bei ishuke kwa maneno yako. Kama injini iliwahi kubadilishwa, hakikisha namba ya injini kwenye kadi ya gari imerekebishwa kabla hujatangaza, la sivyo mauzo yatakwama TRA, mamlaka ya mapato. Angalia deni la trafiki kwenye mfumo wa polisi, lipa. Mkataba wa mauziano kwa mwanasheria, nakala mbili, tarehe na saa ya kukabidhi ziandikwe.

Na uhamisho wa umiliki msiuache eti "mnunuzi atafanya mwenyewe". Gari ikiendelea kwa jina lako, faini ya kamera ya shilingi 30,000 inakwenda kwenye namba ileile iliyosajiliwa kwako, na ikigonga mtu wanaanza kukutafuta wewe. Nendeni pamoja, TIN (namba ya mlipakodi) zenu zote mbili, mkataba na kadi mkononi. Anayesema ana haraka, achukue gari siku uhamisho ukikamilika.

Kwenye komenti niandikieni kilomita za Grande zenu na mara ya mwisho mlipobadilisha beti. Ambao thamostati ilitolewa, msione aibu, andikeni tu "mimi pia".