Theluji ya mashine au theluji ya kuhifadhi?

Jamani, milima ya Alps kule Ulaya siku hizi theluji inachelewa, kwenye vilima vya chini mvua inanyesha pale ilipokuwa inaanguka theluji, sasa wenye biashara ya ski, yaani kuteleza juu ya theluji, wanafanyaje?

Wengi wamekimbilia mashine. Ile kitu inarusha maji na hewa ya presha, matone yanaganda kabla hayajafika chini, na kwa kweli inafanya kazi, michezo ya theluji ya Olimpiki ya Beijing 2022 karibu yote ilichezwa juu ya theluji ya namna hiyo. Shida ni kwamba inataka baridi, kama nyuzi 2 chini ya sifuri hivi, hewa ikiwa kavu afadhali kidogo, na maji na umeme inakula balaa. Yaani joto likizidi, dawa yenyewe haifanyi kazi!

Davos kule Uswisi wana ujanja mwingine, wanalundika theluji, wanaifunika maranda ya mbao kama sentimita 40, inalala hapo kiangazi chote, na karibu robo tatu inabaki (wauza barafu wetu wa zamani, waliofunika yao kwa magunia, wangecheka tu). Mwisho wa Oktoba wanaitandaza, njia ya kama kilomita 4 tayari.

Lakini hiyo ni njia ya ski za tambarare, sio mlima mzima, na theluji yenyewe imetoka kwenye mashine. Mimi ningechukua maranda kwa kufungua msimu mapema, maana tarehe unaijua, ila kwa mteremko mrefu hakuna ujanja, ni mashine tu.